Siku Mama Mukwe Aliponiita Saloni

Nitasema mwenyewe, kwa kinywa changu, maana mkingoja kuambiwa na watu wa Kalundu hapa Uvira mtaambiwa na chumvi juu, watawaambia nililia (sikulia, ilikuwa jasho), watawaambia nilitoka nimevaa sketi (ilikuwa kitenge, na kitenge si sketi), na watawaambia mama mukwe wangu alinipiga, wakati huyo mama hajawahi kunigusa hata kwa kunisalimia. Aibu niliyoipata ni aibu ya kweli, siikatai, imetosha ukubwa wake, haihitaji kuongezwa maji.

Mnanifahamu. Mimi ni Kiza, Patron Kiza wa depo ya simenti pale karibu na bandari, mtu aliyeachia shule katika darasa la tatu na kuanza kubeba magunia ya wengine mgongoni hadi akawa na magunia yake mwenyewe. Leo nina depo, nina mashua ya motere inayoenda Baraka na kurudi, nina nyumba ya matofali ya kuchoma yenye saloni, yaani sebule, ambayo ukiingia unavua viatu bila kuambiwa. Na katika hiyo saloni nina televizio pana kama mlango wa gari, na baflo nne za kutolea sauti, moja kila pembe, hata pikipiki ikipita ndani ya filamu watoto wanageuka kuangalia dirishani. Hayo yote niliyafunga mimi. Sikuita fundi. Fundi ni mtu kama mimi, tofauti ni kwamba yeye anataka kulipwa.

Sasa, ile ordinateri, kompyuta yangu ya depo (ndimo zimo hesabu zangu zote za simenti) niliiweka chumbani, na sikutaka watoto waichezee kwa sababu ya mambo ya televizio. Nikaangalia video katika simu, mafundi wa nchi za mbali wanaeleza, na nikagundua kwamba ndani ya ordinateri moja mtu anaweza kufunga ordinateri nyingine isiyoshikika kwa mkono, wanaiita machine virtuelle. Mimi naiita mimba. Mashine ya nje ni mama, anaendelea na kazi zake za depo, na mashine ya ndani ni mtoto, ana akili yake, ana saa yake, ana kazi yake moja tu, kuonyesha televizio. Antena inaingia katika kisanduku, kisanduku kinaingia katika ordinateri, mtoto anapokea picha, kisha picha inapita kwa kamba juu ya dari hadi saloni. Mtu aliyeachia darasa la tatu. Nitajieni mwenye diplome hapa Uvira aliyefanya hivyo nyumbani kwake, nami nitanyamaza.

Lakini sababu kubwa ya kuweka ile mashine chumbani, mbali na saloni, ilikuwa mama mukwe wangu.

Mnajua desturi. Mukwe na mama mukwe hawakai chumba kimoja wakitazamana. Ukikutana naye njiani unashika kando, ukitaka kumwambia neno unamtuma mtu, na chakula huli mbele yake hata njaa ikuue. Kuna wanaoiondoa hiyo haya kwa kupeleka mbuzi, wakakaa pamoja kama watu, lakini mimi nilikuwa nasema kesho, kesho, kazi ni nyingi, na Neema wetu wa kwanza amekua hadi anataka kuolewa, mimi na bibi yake mzaa mama hatujasemezana neno moja uso kwa uso. Si kwa ugomvi. Ni heshima, na uvivu kidogo wa upande wangu.

Mama huyo anaishi Bwegera, kule bondeni, analima mpunga, na ndiye présidente wa korali ya bamama wa kanisa lao. Siku moja wakapita watu wa televizio kutoka Kinshasa, wanazunguka kukamata nyimbo za makanisa ya vijijini, wakawafilmu bamama wa Bwegera wakiimba mbele ya shamba, kitenge kimoja wote, kijani chenye picha za jogoo. Wakawaambia wimbo utapita Jumapili fulani, mara moja tu, saa tisa alasiri kwa saa za Kinshasa, maana yake saa kumi kwetu. Hiyo kila mtu wa upande huu anaijua tangu tumboni, Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, ukisikia saa ya Kinshasa ongeza moja.

Bamama wale hawajawahi kujiona. Wengine hata picha ya karata ya uchaguzi ilitoka nyeusi. Na huko kwao televizio yenye kushika vizuri haipo. Mke wangu, Mama Neema, akaniambia mama yake anaomba kama kuna mahali mjini wanaweza kuona.

Nikamwambia: "Mahali? Mwambie alete korali yote. Watajiona wakubwa kuliko walivyo."

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu, kwa sababu mtu mwenye akili angewasha televizio saa kumi kasoro, akaondoka zake, basi. Mimi nikasema hapana. Nilitaka bamama wakae mbele ya kioo cheusi, mtu yeyote asiguse kitu, mimi mukwe nisionekane, na saa ikigonga televizio ifunguke yenyewe na baflo nne ziimbe. Waseme huyu mukwe wa Mama Présidente ni mtu gani.

Nikakaa na ile mimba yangu wiki nzima. Nikampa mtoto wa ndani kibodi na souris, kile kipanya cha mkononi, viwe vyake peke yake, mashine mama asiviguse. Nikamwandikia kwamba Jumapili saa kumi kamili, seize heures, aamke afungue ile chaîne, stesheni ya Kinshasa, na kabla ya hapo asimsikie mtu, maana nawajua watoto wangu na vidole vyao. Na nilipokuwa namfunga mara ya kwanza aliniuliza yuko mji gani. Akaniletea orodha ya miji. Uvira haimo. Bukavu haimo. Kwa Kongo yetu alinipa miji miwili tu, Kinshasa na Lubumbashi.

Mama Neema alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya mikeke, samaki wa ziwani. Akasema, "Sasa weye utachagua gani?"

"Mimi ni mukongomani," nikamwambia. "Kapitali yangu iko moja. Lubumbashi nina nani kule?"

Nikagusa Kinshasa, nikala samaki wangu.

Jumapili ikafika. Bamama waliteremka na lori la fuso, wameimba njia yote ya bonde, wameshuka mbele ya nyumba yangu wamevaa kijani na jogoo, na gunia la mchele mpya juu ya kichwa cha mmoja wao kama zawadi. Mtaa mzima ulitoka. Mimi nilikuwa tayari chumbani, mlango umefungwa na pazia limeshushwa, nachungulia kwa tundu la ufunguo. Nilimwona mama mukwe akiingia, akavua viatu (nilisema, wanavua bila kuambiwa), akaelekezwa fotei ya katikati, akakaa wima kama yuko mbele ya jaji. Masukari, yaani soda, yakagawanywa, Fanta baridi kabisa. Mama Feza, yule mwenye sauti ya juu anayeanzisha nyimbo, akauliza kama wale wa Kinshasa na wao watawaona wao. Wakacheka. Chumbani kulikuwa na joto la oveni, madirisha nimeyafunga kwa ajili ya sauti, nikavua suruali na shati, nikajifunga kitenge nilichokiokota kitandani.

Saa yangu ya mkono ikagonga saa kumi.

Kioo cheusi.

Nikangoja kidogo. Mama Neema akaja mlangoni, akasema polepole, "Papa Neema, bamama banaangalia giza."

"Hiyo giza ni ya kungojea," nikamwambia. "Kinshasa hawajafungua. Weye hujui bantu ba Kinshasa? Wanaanza kitu kwa saa gani bale?"

Akaenda akawaambia, nikasikia saloni nzima inakubali, mmm, ni kweli, bale bantu huchelewa, hata karata za uchaguzi walichelewesha. Nikajisikia vizuri. Mtu ukiwa na jibu zuri unasahau kwamba swali bado lipo.

Halafu ukaanza wimbo.

Haukuanza kwangu. Jirani yangu wa ukuta ni Fundi Ramazani, mshona nguo, ana katelevizio kadogo juu ya kabati, kenye tumbo nyuma, ka zamani, ukipiga ubavuni ndipo kanasema. Sauti ikapita dirishani kwake, ikaingia dirishani kwangu, nyembamba kama inatoka ndani ya chupa, sauti ya bamama wanaimba.

Mama Feza akaweka Fanta yake chini. "Mama Présidente. Ile si sauti yangu?"

"Ngoja nisikie."

"Njo sauti yangu. Pale pa juu, minye peke yangu naendaka pale."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo mtu angefungua mlango, angesema bamama kimbieni kwa Ramazani, hatua chache tu, mtajiona. Nilikuwa na huo mlango mbele ya pua. Lakini nilipofikiria korali nzima inatoka katika saloni ya baflo nne kwenda kusongamana kwa mtu mwenye katelevizio ka tumbo, mdomo wangu ukasema kabla sijautuma. Nikasema kwa nguvu nyuma ya pazia, "Mama Neema, baambie ile ni redio. Banatangaza tu. Yenyewe bado."

Kisha mmoja wa wale bamama akasema, "Si twende tuangalie tu, turudi?"

Na mama mukwe wangu akajibu, nikamsikia neno kwa neno, na haya ndiyo maneno yanayoniamsha mpaka leo. Alisema: "Tukae. Mukwe wangu amesema bado. Minye siwezi kuacha nyumba ya mukwe niende kuangalia kwa jirani, bantu batasema nini juu yake? Tukae."

Wakakaa. Wamejipanga, mikono magotini, wanaangalia kioo cheusi, wanasikiliza sauti zao wenyewe zikitoka kwa jirani.

Mimi huku nimeanza kupigana na mimba. Nabonyeza kibodi, hakuna. Nachomoa kibodi, narudisha, hakuna, kwa sababu nilikuwa nimeandika mwenyewe kwamba kila kibodi itakayochomekwa iende moja kwa moja kwa mtoto, na mtoto nilikuwa nimemkataza kusikia. Mashine mama haina mikono, mtoto wake amelala. Nikabonyeza kitufe cha kuzima, ordinateri ikaniuliza kwa heshima kabisa kama nina hakika, nijibu ndiyo au hapana, na kujibu lazima kibodi. Nikiizima kwa kuikaba, nikafikiri, ikiwaka tena wimbo utakuwa umekwisha, na hesabu za simenti nani anajua zitakuwa wapi. Saa ndani ya mashine mama, ile ya nje, inasema saa kumi imepita zamani. Saa ya mkononi inasema hivyo hivyo. Kila kitu sawa, na hakuna kinachofanya kazi.

Wimbo ukaisha kwa Ramazani. Watu huko wakapiga makofi.

Na makofi yale hayakubaki kule. Ramazani ni mtu mwema, hilo ndilo tatizo lake. Akaja na mke wake na majirani wote waliokuwa wamejaa kwake, wakaingia saloni yangu bado wanapiga makofi, na Ramazani na tepu yake ya kupimia shingoni akasema, "Bamama, mumetupendeza. Mama wa katikati, pale uliponyoosha mkono, bibi yangu analia. Nanyi hapa muliona vizuri, eh, kwa hii kubwa?"

Bamama wakaangaliana.

"Iliisha?" akauliza Mama Feza.

"Iliisha, mama. Sasa hivi."

"Nilikuwa naonekana namna gani?"

Ramazani akaangalia kioo cheusi, akaangalia bamama, na nadhani alielewa, maana alivua kofia. Akasema, "Vizuri, mama. Ulionekana vizuri."

Mimi nikaacha tundu la ufunguo, nikaketi chini, mgongo kwenye kitanda. Nikasikia fotei ya katikati inalia, mtu ameinuka. Hatua zikaja kuelekea mlango wangu, hatua ambazo hazijawahi kuja upande huo tangu nioe, zikasimama mbele ya pazia.

"Mukwe."

Kwa desturi sipaswi kujibu. Nilijificha nyuma ya desturi kama mtoto nyuma ya mama yake.

"Weye mukwe. Njo minye nakuita. Toka mule."

Mama Neema, aliyekuwa karibu, akasema, "Mama, hapana, ni haya."

"Haya gani tena?" akasema. "Ile iliyobaki iko wapi?"

Nikatoka. Nilisahau nilichovaa hadi nilipoona macho ya watu wote yanashuka pamoja. Kile kitenge nilichookota kitandani kilikuwa kijani na jogoo, kipande ambacho mama mukwe alimpa mke wangu kutoka robota ile ile, na mimi nimesimama mlangoni na fulana ya singlet, jasho, na sare ya korali ya bamama wa Bwegera. Mtu mmoja mlangoni akasema, "Huyu naye aliimba sauti gani?" Mtaa ukaanguka kicheko. Hata Ramazani, mtu mwema, aligeuka ukutani mabega yanatikisika.

Mama mukwe hakucheka. Alinitazama usoni, mara ya kwanza, na mimi nikamtazama, mara ya kwanza, na nikaona kwamba Mama Neema amechukua macho yake kutoka pale. Akanionyesha kiti kidogo cha jikoni, akakiweka mwenyewe mbele ya televizio, mgongo kwenye kioo.

"Kaa hapo. Sisi tulikuja kuangalia bantu banaimba. Haikuwezekana. Basi weye utaangalia."

Wakasimama. Wakajipanga kama walivyojipanga siku ile ya shamba, na Mama Feza akaanzisha, na wakaimba ule wimbo wote, mbele yangu, macho kwangu, madirisha yamejaa vichwa, simu zimeinuliwa. Na niwaambie kitu, mimi ni mtu wa baflo, najua sauti. Hakuna baflo niliyowahi kufunga iliyotoa kile nilichokisikia pale. Nilikuwa nimekaa karibu hata nilihisi pumzi zao. Ilipofika sehemu ya mama mukwe, akanyoosha mkono, na nikaelewa kwa nini bibi ya Ramazani alilia. (Mimi ilikuwa jasho, nimeshasema.)

Walikuwa kwenye ubeti wa mwisho, pale panaposhuka polepole karibu na kunong'ona, na saa yangu ya mkono ikagonga saa kumi na moja.

Televizio ikafunguka.

Yenyewe. Bila mtu kuigusa. Baflo nne kwa nguvu niliyoiweka, na nyuma ya kichwa changu mwanaume wa Kinshasa akapiga kelele kwa Kifaransa namna ya kutibu minyoo ya nguruwe, na nguruwe mwenyewe akalia kutoka pembe zote nne za saloni. Bamama walirukia milango. Mama Feza alipanda juu ya fotei. Fanta iliyomwagika siku ile bado ina alama kwenye zulia, mkitaka nitawaonyesha.

Nikageuka. Chini ya kioo, pembeni, kulikuwa na namba ndogo nyeupe, saa ya yule mtoto wa ndani. Seize heures. Saa kumi kamili.

Ya Kinshasa.

Mimi nilikuwa nimeongeza saa moja kwa kichwa, kama kila mtu wa hapa, nikamwambia aamke saa kumi, lakini yeye nilikuwa nimemzaa Kinshasa, si Lubumbashi yenye saa kama yetu, kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu ya uzalendo na njaa ya samaki, na saa kumi yake ni saa kumi na moja yetu. Mashine haikukosea hata kidogo. Nataka hilo lijulikane. Kazi yangu ilikuwa safi, kamba safi, picha safi, nguruwe alionekana hadi unywele wa sikio. Kitu kimoja tu kilikosea, na hicho kilikuwa kimekaa juu ya kiti cha jikoni kimevaa jogoo.

Jioni wakapanda fuso yao. Mama mukwe aliniita tena mbele ya watu, sasa ilikuwa rahisi kwake, akasema, "Mbuzi yangu utaileta Bwegera. Si kwa sababu ya haya. Haya imekwisha leo. Ni kwa sababu ya wimbo."

Nilimpeleka mwenyewe, mbuzi mnene, na katika simu nikabeba kipande ambacho kijana mmoja wa mtaa alifilmu dirishani, wakiimba mbele yangu. Tulikaa mbele ya nyumba yake, akashika simu kwa mikono miwili, akajiona. Aliangalia mara nyingi. Mwishoni akasema yuko mnene kuliko alivyofikiri, na kwamba mimi nimekaa vibaya, mtu wa heshima hakai magoti yameachana akivaa kitenge.

Televizio yangu ingali ukutani, mimba ingali kazini, na nitawafungia ninyi pia mkitaka, karibuni. Ila nimeapa mambo mawili. Sauti ya wimbo ikitoka kwa jirani, nitafungua mlango na kuwatoa wageni wangu wote mbio, hata kama katelevizio kake kana tumbo nyuma. Na saa sitaichagua tena peke yangu wakati nakula.

Huyo mama sasa ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Nasikia nyuma yake korali nzima imeshika pumzi ili isicheke. Hanisalimii kwanza. Anauliza tu, kwa sauti ya upole kabisa, "Mukwe, huko kwako sasa ni saa ngapi?"

Na mimi, Patron Kiza, mbele ya wafanyakazi wangu wote wa depo, naangalia mkono, halafu namuuliza Mama Neema, ndipo namjibu.